Ua la Mnada Sebuleni kwa Sifaeli

Jumapili ile ya mavuno, Sifaeli Sumari wa Kikwe hakwenda kanisani kununua ua. Alikwenda kuonekana. Uchaguzi wa mzee wa kanisa wa mtaa wao ulikuwa umekaribia, na mtu anayeutaka uzee wa kanisa hukaa benchi la mbele, huimba besi hata kama Mungu hakumpa besi, na mnada ukianza haondoki kwa kisingizio cha ng'ombe.

Mnada wa mavuno mnaujua. Mikungu ya ndizi, trei za mayai, kuku waliofungwa miguu, vyote vinaletwa mbele na kuuzwa kwa kelele. Kuku mmoja ananunuliwa, anarudishwa kwa Bwana, ananunuliwa tena, anarudishwa tena, mpaka kuku mwenyewe anaonekana amechoshwa na wokovu. Siku hiyo, katikati ya mikungu, mke wa mchungaji akaleta chungu chenye ua la kukaa ndani: majani mapana yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na ua moja jeupe lililosimama wima kama kijiko.

"Nimelilea mwenyewe," akasema mama mchungaji, na sauti ikamtetemeka kidogo.

Dismasi akanyoosha mkono. Huyu Dismasi ni jirani yake Sifaeli, shamba kwa shamba, na alikuwa anautaka uzee huohuo. Ingekuwa mkungu wa ndizi, Sifaeli angemwachia ale avimbiwe. Lakini kumwachia ua la mama mchungaji, kura ziko mlangoni? Akapandisha bei. Dismasi akapandisha. Wakaendelea hivyo mpaka Hanna, mke wa Sifaeli, akamfinya mumewe paja. Wapi! Sifaeli akashinda, akasimama, na hapo ndipo alipojiroga kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mama mchungaji, siku jumuiya ikija kwangu, utalikuta limekuwa mara mbili!"

Kanisa likapiga makofi. Jumuiya yao huzunguka nyumba kwa nyumba kusali, na zamu ya Sifaeli ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku hiyohiyo ya kupiga kura. Kwa maneno mengine, mzee mtarajiwa alikuwa ameufunga uzee wake kwenye shina la ua.

Asubuhi ya Jumatatu jani moja lilikuwa limelala.

"Limechoka safari," Hanna akasema. "Liache lizoee nyumba."

"Mgomba ukiinama unauacha uzoee?"

"Kwani huu ni mgomba?"

"Ni mmea, Mama Nancy. Nimelima migomba tangu sijaota ndevu. Kiua cha chungu kitanishinda mimi?"

Akaenda zizini, akarudi na samadi mbichi inayotoa moshi, akaishindilia kwenye chungu kama anavyofanya shambani. Mpaka saa sita mchana inzi walikuwa wameanzisha kwaya sebuleni. Kesho yake majani mawili yalikuwa ya njano. Sifaeli akatoa kisu, akayakata chini kabisa, maana mgomba haukai na majani makuukuu. Yaliyobaki yakatoka madoa ya kahawia. Ah, huo ugonjwa anaujua! Akachukua bomba la dawa, akalipulizia ile dawa ya buluu ya kahawa, sebuleni hukohuko, mpaka vitambaa vya makochi vikawa na rangi ya mrututu.

"Hii nyumba nilidhani nina sebule," Hanna akasema kutoka jikoni. "Kumbe nina shamba darasa."

Maji ndiyo usiseme. Sifaeli alilimwagia kila alipopita, na kwa kuwa alikuwa na wasiwasi, alikuwa anapita sana. Akilitoa juani lipate nguvu, linaungua. Akilirudisha ndani, linanywea. Loshoro aliyotengewa, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, ikapoa mezani akilikodolea macho. Aliyaona wazi kabisa: jumuiya imejaa, mama mchungaji ameweka mkono kifuani, na Dismasi anauliza kwa upole, mbele ya watu, kama mtu aliyeshindwa kulisha ua ataweza kulisha kundi la Bwana.

Akampigia simu binti yake Nancy, anayeishi mjini, Engutoto.

"Baba, umelifanya nini?"

"Nimelihudumia."

"Basi baba, nakuomba, acha kulihudumia."

Alikuwa amechelewa. Jumatano asubuhi, jumuiya ikiwa kesho yake, kile kijiko cheupe kilikuwa kimelala juu ya samadi, kimegeuka rangi ya chai. Sifaeli akakiokota, akajaribu kukisimamisha kwa njiti ya kiberiti. Hanna alimwangalia tu. Kuna huzuni ambazo mke haziingilii.

Mchana huohuo alipanda bodaboda mpaka kando ya lami ya Makumira, anakouza maua Zakia, mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Tanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka pacha wa hili." Akamwonyesha kwenye simu picha ya siku ya mnada, yeye mwenyewe amelikumbatia ua, meno yote nje.

"Ya hivyo yamekwisha. Nimebaki na ndugu yake, huyu mwenye madoadoa meupe. Tuseme baba mmoja, mama mbalimbali."

"Watu watajua?"

"Watu gani, baba?"

"Watu wa Mungu."

Zakia akacheka mpaka akashika meza. "Hao sijui wanajua nini. Ila ukifika nalo, usiliguseguse. Lichukulie kama mkweo: salimia kwa mbali, pita zako."

Likarudi Kikwe limefungwa khanga, Sifaeli amelipakata nyuma ya bodaboda kama bibi harusi aliyezimia. Akaliweka mezani. Lile la mnada akalipeleka nyuma ya zizi, akalifunika gunia.

"Baba Nancy, huo ni uongo," Hanna akasema.

"Uongo ni wa kusema. Mimi nimesema nini? Hakuna atakayeuliza."

"Na akiuliza?"

Hilo Sifaeli alikuwa hajalifikia.

Alhamisi jioni jumuiya ikajaa sebuleni, na Dismasi akiwa ndani ya koti lake la harusi za watu. Bwana Yesu asifiwe, ameni, karibuni, na mama mchungaji hajakaa hata kukaa, akaelekea mezani moja kwa moja.

"Hee! Limetoa madoa!"

Sifaeli alihisi jasho linamshuka mgongoni, linatafuta mkanda.

"Tume... tumeliombea sana, mama."

Hanna akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha baridi. Mama mchungaji akaligeuza jani huku na huku. Sasa, huyu ndiye mtu anayeulizwa habari za maua usharika mzima, na mtu wa namna hiyo hawezi kusema mbele ya jumuiya kwamba hili hajui. "Ndiyo," akasema hatimaye. "Likipendwa sana, hutoa madoa." Akina mama wakaitikia kwa vichwa.

"Yaani likipendwa linaota ukurutu?" Dismasi akauliza. Watu wakacheka, na wimbo ukamwokoa Sifaeli.

Katikati ya maombi simu ya Dismasi ikaita, akatoka nje. Sifaeli alikuwa amefumba macho, ila masikio yake yalimfuata mwenzake hatua kwa hatua: barazani, uani, anaongea, anatembea huku anaongea kama watu wa simu wanavyozurura, anaelekea zizini. Sauti ikakatika. Gunia likakwaruza. Sifaeli akafumbua jicho moja, akalikuta la Hanna nalo limefumbuka.

Dismasi akarudi, akaketi taratibu, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kula nyama.

Baada ya ameni, mama mchungaji akaomba neno kabla ya kura. "Wapendwa, tumepata uhamisho. Maua yangu yote siwezi kuyapakia kwenye lori, na ya madhabahuni nayo yanahitaji mtu. Nimefikiria niyagawe, kila nyumba chungu kimoja."

Dismasi akasimama. Sifaeli akayafumba macho tena. Haya, umekwisha uzee, umekwisha hata ujirani.

"Mimi nimetoka nje sasa hivi," Dismasi akaanza, "na nimejionea kwa macho yangu mwenyewe jinsi Baba Nancy anavyohudumia maua." Akamtazama Sifaeli kwa upendo mkubwa. "Sina la kuongeza. Naomba yasigawiwe. Apewe yeye yote, na ya madhabahuni pia. Na huo uzee wa kanisa, mimi najitoa. Apewe mwenye mkono wa kulea."

Makofi! Vigelegele! Mama mchungaji akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sifaeli akasimama.

"Mama mchungaji, na ninyi ndugu zangu, kwa kweli kuhusu lile ua..."

"Usinishukuru, mzee wetu," mama mchungaji akasema.

Mzee wetu. Miaka yote ya besi ya kulazimisha, na neno lenyewe ndilo hili, limetamkwa mbele ya watu, tamu, kamili. Lilimwingia, likaimeza ile kweli aliyotaka kuisema. Akaketi. Mikono ikanyooshwa juu, kura ikapita bila hata kuhesabiwa.

Dismasi akamwinamia sikioni. "Hongera, mzee. Kule nyuma ya zizi nafasi bado ipo tele."

Pikapu ilikuja Jumamosi. Vyungu vilishushwa na kushushwa tena, vikajaza baraza, vikapanda ngazi, vingine vikabaki uani kwa kukosa pa kukaa: vya majani marefu, vya majani manene, vyenye miiba, vyenye kutambaa, vyote vya afya tele na vyote vimemwelekea yeye. Pikapu ikaondoka. Sifaeli akasimama katikati yao, mzee wa kanisa halali kabisa, hajui aangalie wapi.

"Mikono," Hanna akasema kutoka mlangoni.

"Iko mfukoni."

"Ibaki humohumo."