Nilivyomharibu Mbwa wa Bwana

Mimi sikutaka mbwa. Nilitaka mume, na mume nilikuwa naye tayari, ila yeye alikuwa Subukia akiendesha trekta ya Mzungu, nami nilikuwa kule Bahati, ng'ambo ya milima, nikilima shamba la mama yake. Zilikuwa siku za hali ya hatari. Kutoka shamba hili hadi lile kulitaka karatasi, karatasi ilitaka sahihi ya bwana, na bwana wake hakupenda wake za wafanyakazi kambini kwake. Alisema wanaleta watoto, kuku na kelele. Mume wangu alikuja nyumbani kwa nadra, akalala siku mbili, akarudi. Mama mkwe naye akawa ananitazama tumbo kila asubuhi kama mtu anayetazama mawingu. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Wa pili nikamjibu, tena nilimjibu vibaya: "Mama, unataka mimba niipate kwa posta?"

Basi ikatokea bwana na mkewe wanakwenda likizo Ulaya kwa meli, miezi mingi, na mbwa wao hana wa kumwangalia. Mpishi alikuwa amekwisha kuraruliwa suruali, hakutaka hata kusikia. Mtu pekee ambaye yule mbwa hakumgusa alikuwa mume wangu, kwa sababu alizoea kupanda naye kwenye trekta. Sasa mume wangu ni mtu wa ndiyo bwana, ndiyo bwana, lakini siku hiyo alipata ujasiri, sijui wapi. Alisema atakaa na mbwa, ila kutwa yeye yuko shambani, kwa hiyo mkewe aje. Bwana akafikiri, akasaini.

"Mimi narudi, nafurahi na mbwa yangu, bibi yako nakaa," alimwambia. "Mimi hapana furahi, bibi nakwenda. Maneno kwisha."

Nilipoletewa habari hiyo nilifunga mizigo kabla chai haijachemka.

Lo! Mbwa gani yule! Mkubwa, rangi ya udongo, nywele za mgongoni zimelala kinyume na za wenzake, na kichwa kama cha ndama. Alikuwa na jina la Kizungu lililonishinda, nikamwita Wewe, na Wewe akabaki kuwa jina lake. Siku ya kwanza nilipomsogezea sufuria alinionyesha meno yote, mpaka ya nyuma. Nilirudi ndani na sufuria yangu, nikakaa kitandani nikilia kwa hasira. Sikuvuka milima ile kuja kufukuzwa na mbwa.

Kesho yake nilivaa ovaroli ya mume wangu, ile ya kazi, inayonuka dizeli. Nilijiambia, kama anachopenda ni harufu, basi aipate. Wanawake wa kambini walicheka hadi wakashika mbavu, mwanamke mzima ndani ya suruali, miguu imekunjwa mara tatu! Mmoja aliniita fundi. Wacheke. Wewe alinusa goti, akanusa mkono, akala posho yake. Nilivaa ovaroli ile siku nyingi, halafu nikaifunga kiunoni tu, halafu nikaiacha ndani, na akaendelea kula.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza naanza. Mbwa aliyelelewa kwenye zulia hajui kukaa peke yake. Nikienda mtoni kuteka maji, huku nyuma analia kama amefiwa, na nikirudi nakuta mlango umetafunwa. Siku moja alirarua gauni langu zuri, la pekee, lile la harusi. Nilitaka kumuua, kweli. Nilishika mwiko, nikaona anakojoa pale pale kwa woga kabla sijaunyanyua, nikajua kwamba yule alikwisha kupigwa sana na kilichobaki kwangu ni kitu kingine. Nikaanza mchezo wa wazimu. Natoka, nafunga mlango, nahesabu kidogo, narudi kabla hajaanza kulia. Natoka tena. Narudi. Nikazidisha kidogo kidogo, mpaka kwenye choo, mpaka kwenye ghala, mpaka mtoni. Kutwa nzima mlango unafunguka na kufungwa. Jirani alimwuliza mume wangu kama kwetu kuna watu wenye maradhi ya kichwa.

Kamba nayo! Ukimfunga anakuvuta kama ng'ombe wa plau. Alinikokota kwenye mibuni, nikaanguka kifudifudi mbele ya wachuma kahawa. Hapo ubishi wangu ulinifaa. Akivuta, nasimama. Simwambii kitu, nasimama tu kama nguzo. Akilegeza, twende. Mwanzoni kutoka nyumbani hadi bombani, mahali pa kutupa jiwe, kulitumaliza asubuhi nzima. Lakini mimi na yeye, nani mbishi zaidi? Muulize mama mkwe.

Kilichonikosesha usingizi ni watu. Nyapara alikuja siku moja, akasimama mbali na fimbo yake, akaniambia bila kuzunguka: "Mama, hii mbwa ikiuma mtu hapa kambini, inapigwa risasi, na wewe karatasi yako mimi nairarua mwenyewe." Na Wewe, wakati huo huo, alikuwa anajirusha kwenye kamba akitaka shingo ya nyapara. Kila Mwafrika aliyepita njiani alikuwa adui. Mchunga ng'ombe, mkamuaji, mwanamke mwenye kuni kichwani, wote. Nilikaa roho juu. Nikisikia hatua za mtu nje naacha unga mkononi na kukimbilia kamba. Mume wangu akirudi jioni ananikuta nazunguka nyumba. Aliniambia nikae, hata dakika moja. Nikamwambia akae yeye.

Tena nilikuwa nimechoka kwa aibu. Nyumba gani hii mtu haji? Kwetu mtu akifika mlangoni lazima atie kitu mdomoni kabla ya kuondoka, hata kama ni kiazi kimoja cha jana. Mimi nilikuwa na mume, nina moto, nina sufuria, na hakuna aliyethubutu kuja kunywa chai yangu. Nikafikiri, huyu mbwa anawaona watu kama wezi kwa sababu hajawahi kuona mtu akija na heri. Basi nikapanga na wale wanawake, kwa kuwabembeleza sana, kwamba kila anayekuja kwangu atapata chai ya maziwa, lakini kwanza amtupie Wewe donge la ugali kutoka mbali. Kesho asogee kidogo. Keshokutwa zaidi. Wa kwanza alitupa donge akakimbia, akapoteza ndara. Wa pili alitupa, akacheka. Mvua zilipokwisha, mwenye kuni kichwani alikuwa anampa donge kwa mkono wake, na yeye analipokea kwa ncha za midomo, taratibu, kama anapokea komunyo kanisani.

Nisikilize, niliona fahari. Mbona nifiche? Nyumba yangu ilijaa watu. Mchunga ng'ombe akipita, Wewe anakwenda kumlaki, anaketi mbele yake, mkia unapiga vumbi. Hata nyapara alikuwa na donge lake mfukoni, ingawa alijifanya halipo. Nilimwambia mume wangu, bwana akirudi atashangaa. Akasema, "Atafurahi sana." Tulikwisha kuchagua mahali pa kuongeza chumba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yule mbwa alifundishwa ukali kwa ajili ya nani. Kwetu mbwa anayekula wageni ni mbwa mgonjwa. Tulidhani kwa kila mtu ni hivyo.

Siku ya kurudi kwao nilimwogesha kwa sabuni ya mche, nikamkausha kwa gunia, manyoya yakang'aa. Wafanyakazi wote walipangwa uani kuwaamkia. Gari lilipofika Wewe alimrukia bwana kwa furaha, akalia, akamlamba mikono, na bwana alicheka, akampapasa mbavu zilizonona, akamwambia mume wangu, "Mzuri! Mafuta! Mzuri sana!" Moyo wangu ulitaka kupasuka. Kisha Wewe akamwacha bwana, akaenda kwenye mstari wa watu, akaanza kusalimia, mmoja mmoja, kuanzia mpishi.

Niliona uso wa bwana ukibadilika. Alimwita mbwa, akamshika ukanda wa shingo, akamwonyesha mchunga ng'ombe kwa kidole. "Kamata!"

Wewe akaenda. Akaketi mbele ya mchunga ng'ombe, akamtazama mkono.

"Kamata yeye!"

Mkia ukapiga vumbi. Na mtu mmoja katika mstari akacheka. Sijui nani mpaka leo, na ningemjua ningemfinya. Kicheko kile ndicho kilichotumaliza. Bwana alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alifungua mkanda wa suruali, akampiga mbwa mgongoni, na Wewe hakukimbia, alilala chini akijikojolea kama ile siku ya gauni. Akampiga tena.

"Usimpige!" Nilisikia sauti, nikatambua ni yangu. "Amefanya nini? Kosa lake nini, kupenda watu?"

Mwanamke wa kambini hakumpigia bwana kelele miaka ile, si mbele ya watu, si mahali popote. Bwana hakunitazama hata. Alimtazama mume wangu.

"Nani naharibu mbwa yangu?"

Mume wangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimngoja aseme sisi. Neno moja tu, sisi. Akasema, "Bibi yangu, bwana."

Nasema wazi, nilimchukia. Leo najua kwamba angesema vingine tungefukuzwa wote, na mama yake alikula kwa mshahara ule, na mimi pia. Najua. Lakini pale uani nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

"Kesho bibi hapana hapa," bwana alisema. "Na hii takataka, chukua. Mimi hapana taka mbwa ya kambi."

Nilirudi Bahati juu ya lori la maziwa, katikati ya madebe, Wewe amelaza kichwa mapajani mwangu. Mume wangu alikuja hadi barabarani asubuhi ile. Alinipa blanketi yake. Alitaka kusema kitu, nikageuza uso, lori likaondoka, na baada ya hapo hakupata ruhusa ya kuja nyumbani kwa muda mrefu sana. Bwana alikuwa hajamaliza hasira.

Mama mkwe alikuwa anaanika mahindi. Alinyanyuka alipotuona, akajifuta mikono kwenye leso. Hakuuliza habari ya safari. Alitazama tumbo langu, akakawia hapo, na aliporidhika kwamba hakuna kitu alimtazama mbwa.

"Nilikupeleka kwa mume," alisema, "ukaniletea mbwa."

Nilitua mzigo chini, nikamwomba maji, ya watu wawili, mimi na mbwa.