Istiwai ya Rangi ya Njano

Mstari wa ikweta wa Dubai niliupaka mimi mwenyewe, kwa brashi pana na rangi ya njano iliyobaki walipomaliza kuchora egesho la magari. Nilianza alfajiri, na kufikia saa nne nilikuwa nimeshaigawa dunia nusu mbili. Ukiutazama vizuri, karibu na choo unapinda kidogo, maana hapo ndipo sir, mwenye kampuni, aliponipigia simu kuniuliza nimefika wapi.

Utaniambia Dubai haina ikweta. Hata mimi nilimwambia sir hivyo hivyo, kwa adabu, ofisini kwake Dubai Marina. Akanijibu kuwa mji huu hauna theluji vilevile, na watu wanalipa kuteleza kwenye theluji ndani ya duka. Ukikosa jawabu la kumpa mpumbavu, ujue mpumbavu ndiye bosi.

Basi tukawa na safari ya kutwa. Wageni walichukuliwa hotelini asubuhi, wakapelekwa jangwani mwendo wa saa nzima, wakakuta bango kubwa, hema lenye mapanka ya kupuliza maji, na makontena mawili yaliyounganishwa ambayo sir aliyaita makumbusho. Ndani mlikuwa na tufe la dunia, vinyago, ngozi ya punda milia isiyowahi kukaa juu ya punda milia yeyote, na picha ya lile bango la ikweta la Nanyuki, kwetu bara, ambako ikweta inapita kweli. Kisha mstari wangu. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, waliweka mguu mmoja huku na mmoja huku, wakacheka, wakapigwa picha, wakapewa cheti. Cheti cha nini? Cha kutanua miguu.

Mimi nilichaguliwa kuwa mwalimu wa ikweta kwa sababu sir aliuliza ofisini nani anatoka Afrika. Nikamweleza kuwa mimi mtu wa Mombasa, na Mombasa haipo kwenye ikweta. Akapunga mkono. "Karibu karibu, khalas." Kisha nikapewa shuka jekundu na mkuki wa plastiki. Mimi! Mtoto wa Mombasa, nguo yangu kikoi na kanzu, nimesimama jangwani kama mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe wote. Marehemu mamangu angeniona angeniuliza nimelogwa na nani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya maji. Beseni lenye tundu chini, maji, na kijani cha mti kikielea juu. Upande mmoja wa mstari maji yanazunguka hivi yakitoka, upande wa pili yanazunguka vile. Wageni walishangaa mpaka wengine wakafunika midomo. Mchezo huo niliujua tangu darasa la saba, shule ilipotupeleka Nanyuki. Jamaa mmoja alituonyesha, wenzangu wakapiga makofi, mimi nikabaki nyuma nikamtazama anavyomimina. Akimimina kwa mkono wa kuume, maji yanakwenda kule. Akimimina kwa mkono wa kushoto, yanarudi huku. Dunia haihusiki hata kidogo. Nilimdharau mtu yule kwa miaka mingi, na sasa nilikuwa nakula mshahara wake.

Haya yote ningeyavumilia na kuyasahau, lakini mwaka ule nilitaka kuoa. Binti alikuwa mpokeaji wagonjwa katika zahanati ya meno Deira, mtoto wa Wazanzibari waliokaa Dubai kabla mimi sijazaliwa. Mwenyewe alikubali. Mamake alikubali. Kikwazo kilikuwa babake, muuza karafuu na iliki wa soko la Al Ras, aliyekwisha kurudisha posa mbili: ya kwanza kwa sababu kijana alicheka sana, ya pili kwa sababu kijana hakucheka kabisa.

Yangu hakuirudisha wala hakuipokea. Alisema watu wa Mombasa maneno mengi, na mtu wa maneno humpimi barazani, unampima kazini kwake. Akamuuliza bintiye kazi yangu ni nini. Binti akajibu kuwa niko makumbusho. Neno hilo nilimpa mimi, na kwa kiasi chake lilikuwa kweli.

"Makumbusho," mzee akasema. "Basi twende tukakumbushwe. Tukirudi nitakupa jawabu."

Wakaja Jumamosi moja ya Juni, mwezi ambao mtalii mwenye akili yuko kwao. Siku hiyo hapakuwa na mgeni mwingine. Mzee, mkewe na binti walishuka garini, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na shuka langu, maana sir alikuwa na kamera ukutani na aliipenda kuliko wanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka kwenye ndala. "Ng'ombe wako wapi?"

Binti akatazama pembeni. Mama akakohoa kwenye ushungi. Nikacheka kidogo, kisha nikakumbuka posa ya kwanza, nikaacha.

Nikawatembeza. Mzee alitembea mikono nyuma, akivitazama vinyago kama mtu anayekagua iliki iliyooza. Kila nikitaja pwani alinikatiza. "Miye sina khabari na huko. Nimetoka Unguja na miaka tisa. Sikumbuki nyumba, sikumbuki njia, sikumbuki mtu. Kwetu ni hapa." Na hayo aliyasema kwa Kiunguja kilichonyooka kuliko cha Unguja yenyewe, akivuta kila neno kwa raha. Nilimdharau, sitaficha. Mtu anakataa kwao kwa lugha ya kwao! Nikasema moyoni, huyu ndiye anayetaka kunipima mimi.

Tukafika kwenye mstari.

"Huu ndio istiwai?" akauliza. Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu kwa nyanya yangu. Sisi tulisema ikweta, kama tulivyofundishwa shuleni.

"Ndio huu, mzee. Hapa uliposimama ni upande wa kusini. Ukivuka, uko upande wa kibla."

Ndivyo tusemavyo kwetu. Kule Makka iko kaskazini, basi mtu hahangaiki kusema kaskazini. Jiko liko kibla, kisima kiko kusini, jirani wa kibla ana kelele. Mzee akaitikia kwa kichwa bila kusita. "Kusini," akasema akionyesha huku. "Kibla," akasema akionyesha kule. Nikaendelea hivyohivyo: beseni la kusini, beseni la kibla, maji ya kibla yanazunguka hivi. Nilimimina kwa mkono wa kuume, nikamimina kwa mkono wa kushoto. Kijani kikazunguka kama nilivyokiagiza.

Mzee hakufunika mdomo. Akakunja mikono ya kanzu, akachukua ndoo, akamimina mwenyewe katikati ya beseni, pole pole. Kijani kikasimama. Maji yakatoka yote na kijani hakikuzunguka popote.

"Yakhe," akasema, "maji haya yanakusikiliza weye peke yako."

Uso ukaniwaka. Ningeweza kutunga jambo, na watu wa Mombasa kutunga hatushindwi. Lakini binti alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimechoka.

"Ni uongo, mzee. Ni mkono tu."

"Na istiwai?"

"Iko kwetu, bara, mbali sana na hapa."

"Sasa hii nini?"

"Rangi, mzee. Nimepaka mimi."

Akaufuata mstari kwa macho mpaka chooni. "Na hapo ikakushinda," akasema. Nilijua mambo yameisha. Nilijiona nikirudi Jumeirah Village Circle, kwenye chumba cha vitanda vinne, kuwaeleza wenzangu kuwa nimekataliwa kwa sababu ya beseni.

Adhuhuri ikaingia. Tulikuwa na chumba cha kuswalia chenye mshale wa kibla darini, lakini sir alikijaza mabeseni mapya na kuondoka na ufunguo. Nikasema tutandike mikeka chini ya hema, pembeni ya mstari. Tukatawadha kwa maji ya ikweta, angalau siku hiyo yakafanya kazi ya maana. Binti akatoa simu atazame kibla, nikamwambia aache. Mtu mzima nielekezwe Makka na simu? Jua lenyewe lilikuwa utosini, vivuli vimejificha chini ya miguu, hakuna cha kukusaidia. Lakini mimi mstari niliupaka mwenyewe, pande zote nazijua. Nikatandika.

Mzee akasimama kuliani kwangu, bega kwa bega. Mama na binti wakasimama nyuma.

"Makumbusho nimeyaona," mzee akasema. "Tuswalishe."

Nikaelewa kuwa huo ndio mtihani wenyewe, na kwamba bado sijarudishwa. Nikatoa takbira kwa sauti niliyoiona nzuri.

Rakaa ya kwanza ilikwenda salama. Katika ya pili nikasikia kofi nyuma yangu. Pa! Mwanamke akimwona imamu kakosea haongei, hupiga kofi. Nikapekua akilini: nimesujudu mara mbili? Nimesujudu. Nimesoma Fatiha? Nimesoma. Pa! Jasho likanitiririka mpaka machoni. Lakini mwanamume aliye nyuma ya imamu huzindua kwa Subhanallah, na mzee kando yangu, mtu asiyemsamehe mtu kijani cha mti, alikuwa kimya. Kama nimekosea, si angesema? Nikajiambia mama kaua nzi. Nikaendelea mpaka mwisho, rakaa zote nne, nikatoa salamu kuume na kushoto kwa madaha.

"Nyie," mama akasema, "mmeswali wapi?"

Tukageuka. Yeye na binti walikuwa wameketi kwenye mkeka, swala wameshaiacha zamani. Mama, ingawa wazazi wake Wazanzibari, alizaliwa Dubai, hajaishi pengine. Akanyoosha mkono kushoto kwetu, kule mbali ambako minara ya mjini ilionekana kama sindano kwenye vumbi. "Kibla kile. Tangu nizaliwe naswali naelekea magharibi. Nimewapigia makofi mpaka viganja vinawaka."

Wallahi nilitamani mchanga unimeze. Asubuhi nzima nimesema kibla, kibla, na ulimi ukanivuta mpaka nikatandika mkeka kuelekea kaskazini, kama niko Mombasa, uani kwa nyanya. Imamu mzima na shuka lake! Dharau yote niliyoisambaza toka asubuhi ikanirudia mwenyewe, na ilinitosha kabisa.

Nikamgeukia mzee nipokee changu. Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama minara, akatazama mstari, akatazama mkeka aliokalia.

"Na wewe," mama akamwambia mumewe. "Huyu mgeni, tumsamehe. Wewe kila siku unaswali Al Ras, mbona hukusema Subhanallah?"

Mzee akakunjua mikono ya kanzu.

"Umeswali kama uko kwenu," mama akasema, na safari hii alisema kwa upole.

Mzee akatoa leso, akafuta uso, akakaa nayo usoni muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji. Binti akainamisha kichwa. Mimi sikujua pa kuweka mikono.

"Geuza mkeka," mzee akaniambia.

Nikadhani anataka kuswali mwenyewe, nikamgeuzia wake tu, nikasogea kando. Akanishika shuka kwenye bega, akanirudisha mbele. "Wote. Turudie. Na kwanza muulize mama kibla kiko wapi."

Nikamuuliza. Akanionyesha kwa kidole, akanisahihisha kidogo kushoto, nikatii. Tukaswali tukiufuata ule mstari wa njano, ukielekea magharibi mbele yetu mpaka chooni unapopinda. Makofi hayakusikika.

Tulipomaliza, wanawake wakainuka kukunja mikeka. Mzee akabaki ameketi, nami nikaketi, maana sijaruhusiwa kuondoka wala sijapewa jawabu. Akachezea ncha ya mkeka kwa kidole.

"Nyumba ilikuwa na mlango wa bluu," akasema. "Ulitazama kibla. Asubuhi mama yangu anaketi hapo na chungu cha uji."

Mtu ambaye hakumbuki nyumba! Nilikuwa na neno kali tayari mdomoni, la Mombasa hasa, nikalimeza. Nikauliza polepole, kwa sababu nilitaka kujua.

"Kibla cha wapi, mzee?"

Akaweka mkono begani mwangu, juu ya shuka langu la aibu, akaniegemea ili ainuke.

"Cha kwetu, mkwe," akasema. "Nivute."