Aiskrimu ya Mtu Haiuzwi

Jirani yangu wa mlango wa pili tunamwita Mama Pindo, kwa sababu ameshona nguo za mtaa huu tangu wengi wetu hatujaolewa, na pindo lake halifumuki. Macho yalipoanza kumchoka akawa anatunga uzi kwa kubahatisha, mpaka akamshonea mwenye bucha suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Mwenye bucha ni mtu wa haya. Aliivaa hivyohivyo, akawa anatembea kama anayetaka kukata kona kila wakati. Mama Pindo alipomwona alifunika cherehani kwa shuka, akasema Mungu amemchukulia macho lakini mikono kamwachia, na mikono haijazoea kukaa bure.

Mikono hiyo ikaangukia kwenye aiskrimu. Hakuwahi kutengeneza hata moja maishani mwake. Alichokuwa nacho ni friza aliyoachiwa na mpwa wake alipohama, tena mfuniko wake haukushika, ikabidi aukandamize kwa pasi ya mkaa.

Aliyekataa habari hizo ni kaka yake mkubwa, fundi seremala wa upande wa pili wa mji. Yeye alishamtengea chumba nyumbani kwake, akae huko alee wajukuu wake, mapacha waliokwisha kuwakimbiza mayaya wote waliojaribu. Mama Pindo anampenda sana kaka yake. Mapacha pia anawapenda, wakiwa mbali. Lakini alichokitaka ni kubaki chumbani kwake, ale jasho lake, asikilize mahubiri ya redio bila mtu kumwambia apunguze sauti. Basi kaka akampa muda. Alisema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na gari la mizigo. Akikuta biashara, atakunywa chai arudi. Akikuta ndoto, wanapakia.

Nilianza kumwombea siku hiyohiyo, na ilihitajika, kwa sababu aiskrimu ya kwanza ilitoka kama tofali. Mzee anayetengeneza baiskeli aliiuma, jino likabaki humo. Kwa bahati ni mtu muungwana, akasema jino lile lilikuwa linatafuta sababu tu. Ya pili haikuganda, tukainywa. Baadaye akagundua mwenyewe kwamba maziwa yakiingia kwenye friza hayataki kuachwa. Kila yakianza kushika pembeni unayatoa, unayakoroga, unayarudisha. Alisema ni kama kupiga pasi shati la kola, ukiliacha kidogo tu linajikunja linavyotaka lenyewe. Ile ya ndizi ilipokaa sawa tuliila tumesimama mpaka kikombe kikaisha.

Watu wakaanza kuja. Hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe, na mimi niliiona mapema nikashindwa namna ya kumwambia. Mama Pindo aliuza aiskrimu kama alivyoshona nguo. Mtu akija na kiu yake, haambiwi karibu. Anakalishwa kwenye kigoda, anaulizwa anapenda sukari kiasi gani, meno yakoje, anataka laini au ya kushika, halafu anaambiwa apite kesho kutwa. Ikiwa tayari, kikombe kinafungwa kitambaa. Na si kitambaa chochote. Alikuwa na magunia ya vipande vilivyobaki katika ushonaji wake wote, akawa anamfungia kila mteja kipande cha nguo yake mwenyewe. Macho hayakusoma tena, ila vidole vilijua suruali ya nani na gauni la nani.

Sasa mnajua watu na nguo za fundi. Mtu anaagiza kwa haraka, kuchukua anasahau. Friza ikajaa aiskrimu za watu, na anayetaka ya kula saa hiyo akawa hapewi. Nilimwambia kwa upole, jirani, mwenyewe hajaja, mpe huyu aliyekuja. Aliniangalia kama nimemwambia auze gauni la bibi harusi.

Jumamosi ikafika, jua linachoma mpaka mbwa wamejificha. Kaka akaja na gari, dereva akabaki nje anaifungua kamba ya kufungia mizigo. Wakati huohuo wasichana wawili wanaotoka sokoni walifika kununua, na mbele ya kaka yake Mama Pindo akawaambia wapite kesho kutwa. Wakaondoka wanalamba midomo mikavu. Kaka akatoa pasi, akainua mfuniko, akachungulia. Imejaa hadi juu.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, kama anayempa mtu pole ya msiba, "hujauza hata kimoja."

"Zote zina wenyewe, kaka."

"Wako wapi hao wenyewe?"

"Watakuja."

Kaka akaomba basi angalau aonje yeye. Mama Pindo akamwambia ile aliyoishika ni ya mwalimu. Akashika nyingine, akaambiwa hiyo ni ya muuguzi. Mzee wa watu akafunga mfuniko, akamwita dereva waanze na kitanda. Mama Pindo hakubishana. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaanza kukunja mtandio wake mdogomdogo, na mimi nikajua ana maana ya kwenda kweli.

Umeme ukakatika. Friza ikakoroma mara moja, ikanyamaza.

Mama Pindo akasimama. Kwa miaka yote ya cherehani hajawahi kumpelekea mtu nguo mlangoni, alisema mwenye nguo anajua njia. Lakini nguo ikingoja haiyeyuki. Akaomba ndoo zangu za maji, akatandika magunia, akaanza kupanga vikombe.

Dereva akauliza, "Tunapakia nini sasa, mzee, kitanda au maziwa?"

Kaka alitazama zile ndoo, akatazama uso wa dada yake. "Pakia hayo," akasema. "Nataka niwaone hao wenyewe."

Nami nikapanda nyuma kushikilia vifuniko. Tulianza kwa mwalimu, aliyekuwa ameagiza tatu zenye sukari nyingi. Mkewe akatoka naye, akamkumbusha maneno ya daktari. Mwalimu akasema ni za mgeni. Akasimama mlangoni anamngoja mgeni, na mpaka tunaondoka alikuwa anaimaliza ya pili. Kwa muuguzi ilikuwa ya mama yake asiye na meno. Bibi yule hakuanza kula. Alipapasa kile kitambaa, akasema hili ni gauni langu nililovaa nikimzika mume wangu, nani kalitunza? Mama Pindo akampangusa mkono. Kaka alikohoa, akajifanya anaangalia tairi.

Kila nyumba walilipa na kuagiza tena. Tukamalizia saluni, ambako hakuna umeme, hakuna kazi, na wanawake wamekaa wanajipepea na vifuniko vya mafuta. Mwenye saluni alipokea vyake kwa mikono miwili. Kisha akamwona aliyebeba ndoo.

"Fundi," akasema, "kabati langu?"

Kaka akainama kana kwamba ndoo imeongezeka uzito.

"Jamani mwoneni mama huyu, vyangu kaniletea mpaka mlangoni vingali vya baridi. Kaka yake amekaa na mbao zangu tangu mwanangu hajaota meno. Leo mwanangu ananisahihishia hesabu."

"Pita Ijumaa," kaka akasema, kwa mazoea tu, na saluni nzima ikaanguka kwa kicheko. Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wote.

Njiani kurudi kaka alikuwa kimya. Nilidhani amekasirika, kumbe anakariri oda, maana dada yake haandiki: saluni za ndizi, moja isiwe na sukari, mwalimu zifungwe kwenye mfuko mweusi mke asizione. Tulipofika umeme umerudi, dereva akashuka, akauliza kama sasa wapakie kitanda.

"Kitanda cha nani?" kaka akamwuliza. "Geuza gari."

Akanywa chai yake, kikombe cha pili akajimiminia mwenyewe. Akamwambia dada yake kila atakachotengeneza akipeleke siku hiyohiyo, na vingine viachwe bila kitambaa, kwa watu wenye kiu. Mama Pindo akasema atajaribu, lakini roho itamuuma. Kaka akatafuta viatu vyake, na mlangoni akageuka kusema wajukuu nao wanapenda sana aiskrimu, Jumapili atawaleta wale mapacha wamsalimie bibi yao.

"Walete," Mama Pindo akamjibu. "Ila uje nao, na urudi nao."