Punje Moja kwa Kila Silabi

Nikisikia harufu ya kahawa ikikauka juani, namwona dada yangu kando ya kichanja, daftari gotini, akinikatia neno la Kifaransa kwa punje: moja kwa kila silabi.

“*Chocolat*. Punje tatu, mdogo wangu: sho-ko-la. T ya mwisho iache, haitamkwi.”

Chokoleti yenyewe hatukuwahi kuionja.

Baba akapita na jembe. “Hicho Kifaransa kitakuchimbia ngoro kule mlimani?”

Nilicheka, ili baba anipende. Dada akazirudisha punje kichanjani, mojamoja.

Muhula uliofuata alibaki nyumbani kuchimba mashimo hayo ya mahindi. Sweta yake ya shule nikavaa mimi.

Leo nafundisha Kifaransa. Wanafunzi wakiuliza mbinu ya punje nimeitoa wapi, nawaambia nimeibuni mwenyewe.