Nilimtoa Nafula Kwenye Ubeti wa Mwisho

Admin, nifiche vizuri. Wenzangu wote wanasoma ukurasa huu, na mmoja wao ana pua kali ya kunusa siri.

Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na sita, mkaaji wa mtaa wa Jamhuri. Mchana nauza viatu katikati ya jiji, jioni nachana mistari ya rap. Mwaka jana sisi wanne wa kundi letu tulirekodi albamu yetu wenyewe, bila kampuni, nyumbani kwa prodyuza wetu Musa karibu na maduka ya Adams. Magodoro tuliyasimamisha ukutani kuzuia kelele za kuku wa jirani.

Tulikuwa na sheria moja. Hakuna kuimbaimba viitikio, na mwenye mistari mikali zaidi ndiye anafunga wimbo. Tunasikiliza, kisha kila mtu ananyooshea kidole anayemkubali. Miaka mitatu kabla ya albamu vidole vilikuja kwangu, mpaka nikaviona kama mali ya urithi.

Halafu akaja Nafula wa Kangemi, fundi wa kushona sare za shule. Mistari yake iko nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Akachana kuhusu baba yake askari wa usiku, anayelinda sebule ambayo hajawahi kukaribishwa kuketi. Alipomaliza, hata kuku walinyamaza. Vidole vikaenda kwake. Changu pia, maana kukificha kungeonekana.

"Buda, leo wewe unafungua," Otis, mwenzetu wa nne, akaniambia. "Na usininunie, umesikia mwenyewe."

Sikununa. Nilingoja.

Musa aliitwa nyumbani Kakamega kwa mazishi, akaniachia kompyuta nichome sidii mia tatu za albamu. Kabla ya kuchoma, nilikata ubeti wa Nafula nikaupeleka mwanzo wa wimbo, wangu nikauweka mwisho. Ilichukua dakika mbili. Wenzangu walipogundua, nakala zilikuwa zimeshasambaa mjini.

Musa akashika kichwa. "Lazima nilipanga vibaya nikiharakia basi. Si ungeniambia?"

"Hutokea, bro," nikamjibu. Maneno mawili tu.

Sasa sikieni malipo yangu. Jamaa wa kibanda jirani na ninapouza viatu anauza sidii zetu na kuzicheza kutwa. Ubeti wa Nafula ukiisha, anarudisha mwanzo. Wiki nzima sijaisikia sauti yangu hata mara moja.

"Si uache iendelee?" nikamwambia.

"Ikiendelea anaingia yule msee wa kujisifu," akasema. "Kwani wewe hujamsikia?"

Nikamwambia bado.

Ningeumia kimya, lakini tunaanza albamu ya pili, na Otis anataka Musa atolewe. "Mtu hawezi kuharibu mpangilio hivyo na tumwachie kazi tena," anasema. Anayemtetea ni Nafula. "Mwacheni Musa. Hata mimi nishawahi kukata kitambaa cha mtu vibaya." Hata kwa huruma amenishinda.

Nikisema ukweli, natoka mimi, na bila kundi hili nabaki muuza viatu anayeongea peke yake. Nikinyamaza, anatoka Musa, aliyenifundisha hiyo kompyuta niliyomkosea nayo.

Msiniambie niombe Mungu. Nimejaribu, na nikifumba macho nasikia ule ubeti wa sebule.

Jumamosi tunakutana kwa Musa kuamua nani atoke, kwa vidole kama kawaida. Nishaurini ndugu zangu, changu nikielekeze wapi?