Bahasha ya Kwamboka

Cheka ukitaka, lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na kinywaji nilichokuwa nimekunywa ni chai. Sisi Wasabato pombe hatuijui.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, Kisii mjini, fainali ya sataranji ya wanawake. Kikombe kile nilikikosa miaka mitatu mfululizo, nikakitaka mpaka nikawa nakiota. Mpinzani wangu alikuwa Kwamboka, mwalimu wa Kebirigo, yule yule aliyenishinda mara zote tatu. Ijumaa hiyo alifika kimya, akaketi upande wa kete nyeusi. Nikamkaribisha chai ya maziwa.

"Yaya, hapana dada, mimi nimetosheka."

Hebu niambie, Mkisii gani anakataa chai? Ningeshtuka hapo hapo. Lakini nilikuwa naongoza, na anayeongoza haoni kitu.

Jua lilipokaribia kuzama, akasimama. "Sabato inaingia. Tutamaliza Jumapili."

Refa alituzoea. Desturi yetu ilikuwa kwamba mchezo ukikatizwa hivyo, mwenye zamu anaandika hatua yake kwa siri, bahasha inafungwa, refa anaiweka. Kwamboka akaandika, akaenda zake.

Jumapili hakuja. Alikuja kaka yake, kichwa kimenyolewa.

"Dada, msimngoje. Tulimzika Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Hii imepita."

Niamini, nilihesabu kwa vidole: Alhamisi, kisha Ijumaa ile tuliyocheza. Refa aliitazama bahasha, sahihi yake mwenyewe ikiwa juu, akaninong'oneza, "Mwenye hajafika ameshindwa, mama. Chukua kikombe, hii tuichome."

Nilikitazama kikombe kwa muda mrefu, nakiri. Kisha nikasema, "Fungua."

Ndani mlikuwa na mwandiko wake wa ubaoni, mnyoofu: alitaka farasi asogezwe. Refa akamsogeza. Mfalme wangu akawa hana pa kukimbilia, mchezo ukaishia hapo hapo.

Kikombe nilimkabidhi kaka yake kwa mikono miwili. Nililia, ndiyo, lakini tangu siku hiyo moyo wangu umetulia.

Sasa kila Ijumaa jioni naweka ubao mezani, nafanya hatua yangu, naenda kanisani kufungua Sabato. Nikirudi, kete moja nyeusi imesogea. Mchezo mmoja hutuchukua karibu mwaka, na bado ananishinda.

Basi wewe, mpinzani akikataa chai yako, usifurahie kuongoza. Mchunge farasi wake.