Kumtoa Kaka wa Bwana Harusi

Miaka ile ya vita watu waliendelea kuoana, na mimi niliendelea kuwapiga video. Masisi mpaka Walikale waliniita Papa Kamera. Nilikuwa na kamera ndogo ya kaseti, jenereta, na kompyuta yenye programu ya montaji, yaani ya kukata na kuunganisha picha. Maringo nayo nilikuwa nayo, siwezi kukataa. Mjomba akilewa na kuangukia meza ya zawadi, nilimkata, na kwenye CD ikawa kama hakualikwa kabisa.

Harusi inayoniuma mpaka leo ilifanyika Kalembe. Kaka wa bwana harusi alikuwa ameingia msituni na watu wenye silaha. Siku hiyo alitoka huko, akavaa shati la kuazima, akacheza mpaka mama yake akamsihi apumzike. Nilimchukua mara nyingi, maana alijua kucheza kweli.

Wiki mbili baadaye askari waliingia Kalembe. Walipita nyumba kwa nyumba, wakachukua CD za harusi na kuziangalia, waone nani ana ndugu msituni. Ya harusi ile nilikuwa sijaitoa bado. Mama wa bwana harusi alitembea mpaka Kibua, nilikokuwa nikiishi, akanikuta mezani.

"Papa Kamera, unitoshee mutoto wangu mu ile filme. Usibakishe hata fasi moja. Wakimuona, watatuua sisi wote. Na tukikosa CD, watasema tunamuficha."

Kazi ile ilinichukua siku mbili. Si rahisi kumtoa mtu kwenye harusi ya ndugu yake. Alikuwa nyuma ya bibi harusi, alikuwa kando ya keki, alikuwa kila mahali. Kila alipotokea nilikata, nikaweka sahani za wali au nyuso za wanakwaya. Mama alikaa kwenye kiti kando yangu, akinionyesha kwa kidole.

"Ule mukono pale njo wake."

Hata mkono niliukata.

Kisha akauliza kuhusu kaseti. Nikamweleza kwamba kuifuta ni kurekodi kitu kingine juu yake. Nikafunika lenzi, nikabonyeza, tukakaa saa nzima kamera ikirekodi giza juu ya mwanawe. Kwenye kompyuta pia sikubakisha kitu. Aliponishukuru nilijiona mtu wa maana. Naona aibu kuliandika hilo.

Miezi michache ikapita, kaka yule akauawa. Walimzika huko huko msituni, na kadi yake ya uchaguzi, yenye picha pekee aliyokuwa nayo, ikabaki mfukoni mwake. Mama akaja tena Kibua. Hakulia.

"Papa Kamera, vile vipande ulikataka, uliviwekaka wapi?"

Alidhani ninavyo. Fundi wa cherehani akikata kitambaa, vipande hubaki chini ya mashine; kwa nini vyangu visibaki? Nikaanza kumweleza habari za programu na kaseti, nikajisikia ninavyoropoka.

"Hakuna, Mama. Vyote vimefutika."

"Hata ule mukono?"

"Hata ule mkono."

Aliitazama kompyuta iliyozimwa. Nilitamani anitukane.

"Mimi hapa siku zile niliangaliaka tu kama ametoka mu filme," akasema. "Yeye sikumuangaliaka. Wewe ulimuangaliaka siku mbili. Niambie."

Basi nikamwambia. Alivyoingia mlangoni akikung'uta tope kwenye viatu. Alivyomfunga tai mdogo wake, bwana harusi, akaikosea, akaifungua, akaanza upya. Alivyocheza na shangazi yake mpaka kilemba cha shangazi kikaanguka. Nilijua karibu kila sekunde, kwa kuwa nilikuwa nimemtafuta kila mahali ili nimwondoe.

"Na wakati alinikumbatia," akauliza, "alikuwa anacheka?"

Sikukumbuka. Kipande kile kilikuwa kifupi na nilikikata upesi.

"Alikuwa anacheka sana, Mama."

Akafumba macho.

"Anza tena," akasema. "Pole pole."

Nikaanza tena, kuanzia mlangoni, nikiogopa kufika pale alipomkumbatia.